Fondeteni ya kila rangi ya ngozi hapa Goma: munachagua aje, munapata wapi?

Mrembeshaji_Himbi (Goma)

Habari zenu wote. Nafungua huu uzi wa fondeteni, ile rangi ya kupaka uso mzima, juu nimechoka kujibu swali moja kwa mutu mmoja mmoja. Kila wiki, na zaidi msimu wa ndoa, mutu ananitumia foto amejipiga usiku chini ya ampuli, filta juu, lipstiki juu, anauliza "dada, mimi ni namba ngapi?" Namba ya kampuni gani? Ile 355 ya Maybelline Fit Me, wanayoita Coconut, ni ya Maybelline peke yao, ukienda nayo kwa kampuni ingine haikusaidii kitu. MAC nao wana NC na NW, na hapo njo watu wengi wanauziwa kinyume: NC inaenda kwa ngozi yenye kuvuta kwenye dhahabu, NW inaenda kwa yenye kuvuta kwenye wekundu. L'Oréal Accord Parfait ile ya Ufaransa wameweka D kwa yenye dhahabu, R kwa yenye wekundu, N ya katikati, na juu chupa moja inauzwa inchi nyingi utakuta imeandikwa 8.D/8.W, watu wanafikiri ni rangi mbili ndani ya chupa, hapana, ni ile ile, W ni "warm", imewekwa kwa wanaosoma Kiingereza.

Mimi mutu akikaa kwenye kiti naangalia kwanza kina, yaani weusi ao weupe wake unafika wapi. Halafu naangalia rangi ya chini, ile inayochungulia chini ya ngozi: wengine ni manjano, wengine wekundu wa udongo, wengine zeituni, wengine weusi wao unakaribia buluu. Watu wawili wanaweza kuwa na weusi sawasawa, ukawapaka chupa moja, mmoja akapendeza, mwingine akaonekana ametoka hospitali. Rangi ya chini njo inafanya vile. Kisha nangoja ikauke, juu fondeteni ya saa ya kupaka na ile ya dakika kumi na tano baadaye si moja.

Sasa shida yenyewe. Pita Birere, ingia duka yoyote ya vipodozi unayotaka. Nyeupe ya maziwa iko, beji ziko tatu nne, karameli iko, halafu rafu inaisha. Na wateja wanaoingia mlangoni wengi ni weusi kuliko chupa ya mwisho. Ninyi munafanya aje? Wa Bukavu na Lubumbashi waseme pia, musijifiche.

Furaha_Ndosho (Goma)

Asanti dada kwa kufungua. Mimi niko mweusi kabisa na napenda weusi wangu, lakini kila nikipakwa kwa ndoa ya mutu narudi nafanana na mwenye kuanguka ndani ya unga wa foufou. Ya mwisho ilikuwa ya binamu yangu, wasindikizaji nane, rangi nane, yule mpakaji akatoa chupa mbili tu na sisi wote tukapita humo. Foto zimetoka, sura zetu zote ni moja, mikono kila mutu na yake. Sasa nauliza, ile majivu inaletwa na poda ao ni fondeteni yenyewe?

Kijana_Katindo (Goma)

Mikono kila mutu na yake 😂😂😂

Mwalimu_wa_Kemia (Bukavu)

Furaha, mara nyingi ni zote mbili. Rangi ya fondeteni, iwe ya dola 3 ao ya dola 50, inatoka zaidi kwa vitu hivi: titani dioksidi ambayo ni nyeupe, na oksidi za chuma tatu, nyekundu, ya manjano na nyeusi. Oksidi ya chuma ni ndugu ya kutu, ndiyo, kutu ya mabati, ila hii inatengenezwa safi kiwandani. Kwa ngozi nyeupe wanaweka titani nyingi na hizo zingine kidogo. Sasa kampuni yenye uvivu ikitaka kutoa rangi ya watu weusi inachukua ile ile beji yake inaongeza oksidi nyeusi. Nyeupe na nyeusi zikikutana zinazaa nini? Kijivu. Ule weupe haukuondoka, umefunikwa tu, na ukiupaka juu ya ngozi yenye wekundu ao manjano ndani yake unatokea. Rangi ya kina iliyotengenezwa muzuri inaanza na titani kidogo sana, nyekundu na manjano ya kutosha, nyeusi kwa kipimo, na wengine wanaongeza buluu ya ultramarini. Kuna mkemia wa L'Oréal kule Marekani, Balanda Atis, alijulikana kwa hiyo kazi ya ultramarini, ili rangi za kina zisiwe nyekundu kupita kiasi wala nyeusi iliyokufa.

Ya pili ni flashi. Titani na zinki za kinga ya jua, pamoja na silika ya zile poda nyeupe wanazosema "hazina rangi", zinarudisha mwanga wa kamera. Kwenye kioo uko sawa kabisa, kwenye foto uso umepauka. Kwa hiyo siku ya foto za usiku poda nyeupe ikae mbali, tafuta yenye rangi yako.

Na ile ya dakika kumi na tano aliyosema dada wa Himbi: maji na silikoni nyepesi zinaruka hewani, mafuta ya ngozi yanaingia kati ya chembe za rangi, rangi inashuka, mara nyingi inaenda kwenye giza ao kwenye machungwa. Mwenye ngozi ya mafuta anaiona zaidi.

Furaha_Ndosho

Kumbe miaka yote nalipa dola juu ya kutu 😅

Lushois_243 (Lubumbashi)

Bandugu ba Goma, huku L'shi shida ni ile ile lakini tuko na mulango moja, Zambia. Rihanna alitosha Fenty Beauty mu 2017 na rangi 40, dola 34 chupa kule Marekani, na bakampuni bengine bakaanza kukimbia nyuma yake kuongeza rangi zenye walikuwa banasema haziuzike. Ku Afrika tulingoja mpaka tarehe 27 Mei 2022, na ilikuwa inchi 8 tu: Afrika Kusini, Botswana, Ghana, Kenya, Namibia, Nigeria, Zambia na Zimbabwe. Congo hapana. Sasa bale bamama benye banafanyaka biashara ya Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, banaletea mutu chupa toka Lusaka, unatuma foto ya rangi, unalipa chupa na transport. Shida ni kama rangi haikukubali, nani atarudisha chupa Zambia?

Lakini musiseme asema Rihanna njo alianza. Eunice Johnson, ule wa famille ya gazeti Ebony kule Chicago, alitosha Fashion Fair mu 1973 juu alikuwa anaona bamannequin beusi ba maonyesho yake ya nguo banachanganya fondeteni benyewe mbele ya kupanda jukwaani, hakuna chupa yenye ilikuwa inabafaa. Iman, ule mannequin Msomali, akaleta yake mu 1994. Shida ni ya zamani kabisa.

Mrembeshaji_Himbi

Lushois umenigusa hapo kwa kuchanganya, nitarudi nayo. Niseme kwanza ya kujaribu, juu naona watu wanajaribu mgongoni mwa mkono. Mkono wako na uso wako hawajuani, mkono umepigwa jua na sabuni tangu utoto.

Halafu mwanga. Duka nyingi za Birere ziko chini ya turubai ya buluu ao ya machungwa, zingine ziko ndani kabisa na taa ya LED nyeupe. Chini ya turubai ya buluu ngozi yote inavuta kwenye buluu, chini ya ile taa manjano inapotea, na muuzaji anakuambia "imekukubali mama" na yeye anasema kweli kwa vile anavyoona. Omba kioo, toka nje, simama kwenye kivuli cha ukuta, si juani, juu jua la saa sita linakula rangi zote. Chora mistari mitatu toka shavuni kwenye kona ya taya ishuke mpaka shingoni, kina kinakaribiana ila rangi ya chini tofauti: moja ya dhahabu, moja ya wekundu, moja ya katikati. Bembeleza kidogo na kidole, usisugue. Kisha enda uliza bei ya mchele, gombana kidogo na mutu wa nyanya, rudi kwenye kioo. Mstari ambao unautafuta hauuoni tena njo wako. Kama yote mitatu inaonekana hakuna yako humo, toka, hata muuzaji akuapie.

Ile hadithi ya kuangalia mishipa ya mkono kama ni ya kijani ao ya buluu, wenye ngozi nyeusi muiache. Kwa wengine mishipa haionekani kabisa, utasoma nini?

Na uso wa mutu mweusi hauna rangi moja. Paji, kuzunguka mdomo na chini ya macho mara nyingi ni giza kuliko mashavu. Ukichukua rangi ya shavu ukaisambaza mpaka kwenye nywele mutu anakuwa na kichwa cha kuazima. Mimi rangi ya kumalizia naifananisha na shingo na kifua, hasa kama robe iko wazi mabegani, na mashavu naacha kidogo yapumue.

Kijana_Katindo

Swali la wanaume, musicheke. Fianse wangu anasema siku ya ndoa na mimi nitapakwa. Marafiki wangu wakijua nimekwisha.

Mrembeshaji_Himbi

Kaka, wewe nakuondolea mng'ao tu. Karatasi ya kunyonya mafuta, poda ya rangi yako kidogo kwenye paji na pua, na kama una vile vipele vyeusi vya wembe chini ya ndevu naweka kirekebishi cha machungwa, kile cha kuficha weusi, kidogo kwanza halafu rangi yako juu. Hata mama yako hatajua. Lakini unyoe siku mbili mbele, si asubuhi ile ile, nimekuomba.

Mgeni_wa_Uvira

Dada, lakini hizi rangi si zinaenda na kabila? Sisi watu wa kwetu

Mrembeshaji_Himbi

Hapana. Humu hatuweki makabila. Nimepaka dada wanne wa tumbo moja, rangi nne, na rangi ya chini hakuna iliyofanana na ya mwenzake. Tuendelee.

Nsimire_Bkv (Bukavu)

Mimi niulize ile watu wanayoogopa. Hapa Nyawera wateja wangu wengi wametumia mukorogo. Uso mweupe, masikio meusi, viungo vya vidole vimebaki vyeusi, shingo iko na rangi mbili. Nifuate rangi gani? Na mama zao wanakuja nao, wanasimama nyuma yangu, wanasema niongeze weupe.

Mrembeshaji_Himbi

Nsimire, fuata kifua. Uso ukiuacha mweupe vile ulivyo, foto itaonyesha mpaka wa taya. Mimi nashusha uso kidogo kidogo kuelekea kifua, masikio napaka na brashi ndogo (watu wanasahau masikio!), na mikono naomba mteja akubali nimguse viungo na rangi iliyobaki kwenye sahani. Ila ujue hiyo ngozi ni ya kuonea huruma. Zile kremu zenye kortizoni zinafanya ngozi nyembamba mpaka mishipa inachomoza, na hidrokinoni, ile dawa ya kuweupisha, ya muda mrefu inaweza kuacha madoa meusi ya kuvuta kwenye buluu kwenye mashavu, hayo hayaondoki na kusugua. Hakuna skrabu, hakuna eponji kavu, kirekebishi cha machungwa yenye wekundu, tabaka nyembamba, kisha fondeteni kwa kugonga. Kuhubiri simuhubirii mutu siku ya ndoa yake. Hapo ngambo Rwanda polisi walizunguka maduka mwisho wa 2018 wakikamata hizo kremu, kwetu ziko mezani kando ya sabuni, basi.

Kuhusu mama na shangazi, nikupe moja. Nilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi mmoja huku, umeme umekatika, nimevuta kiti cha bibi arusi mpaka kwenye dirisha. Shangazi yake amesimama mgongoni mwangu, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Mwanangu, muvute kidogo. Kwa Leta, ile ndoa ya serikali, alitoka giza."

"Ndiyo shangazi. Mwangaza nitaweka, ungoje uone."

Nikachukua rangi moja juu ya yake, moja, si mbili, nikagusa juu ya mifupa ya mashavu, katikati ya pua, kidogo kidevuni, nikaweka na kile king'arishi cha dhahabu pale pale, uso wote uliobaki ukakaa na rangi yake. Shangazi akainama, akamgeuza kidevu huku na huku, akasema "Ee, sasa ndiyo, umemuweupisha muzuri." Nikasema asanti shangazi nikaendelea na nyusi.

Nsimire_Bkv

😂😂 Hiyo naiba.

Dada_wa_Majengo (Goma)

Mdogo wangu ana ualbino. Munajua nini? Kwetu nyumbani yeye njo anapata chupa yake haraka kuliko wote. Rafu nzima ya mbele ni yake, Ivory, Porcelain, sijui nini, sisi wengine tunamusindikiza tunarudi mikono mitupu. Shida yake ni ingine, nyingi zinamutoa na pinki ya mutoto mchanga, na nyusi wanamupaka nyeusi ya makaa anaonekana amekasirika. Na tena muuzaji mmoja alimuambia fondeteni yenye SPF 15 inatosha kwa jua, hahitaji kremu. Ni kweli?

Mwalimu_wa_Kemia

Si kweli, na kwake ni hatari. Hiyo namba ya SPF, kipimo cha kinga ya jua, inapimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Hakuna mutu anapaka fondeteni nene vile, kwa hiyo kinga anayopata ni kidogo kuliko ile imeandikwa. Yeye apake kremu ya jua ya kweli kwanza, SPF 30 kwenda juu, afadhali 50, masikio na shingo pia, arudie kila saa mbili akiwa nje, na kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu. Goma iko kwenye mita 1500 hivi juu ya bahari na ikweta iko hapo karibu, jua linachoma hata siku ya mawingu. Fondeteni inakuja juu ya hiyo, kwa urembo tu. Na kidonda chochote kisichopona usoni ao midomoni amuonyeshe daktari wa ngozi, asifunike.

Mrembeshaji_Himbi

Kuhusu ile pinki, atafute za N ao za D kwenye zile nyepesi kabisa, aache R. Nyusi na kope ni kahawia nyepesi, nyeusi hapana. Na mashavu rangi ya pichi. Mulete siku moja hapa Himbi, simulipishi, nataka nijaribu.

Sasa kuchanganya. Mkoba wangu hauna chupa 40 na sina pesa ya chupa 40. Ziko tano: nyeusi ya kina kabisa yenye wekundu, nyeusi ya kina yenye kukaribia buluu, kahawia ya dhahabu, kahawia ya katikati, na moja nyepesi ya manjano. Halafu vichupa vidogo vya rangi tupu: machungwa yenye wekundu, manjano, buluu. Nyeupe sina na sitanunua, mutu akitaka kupandisha rangi ya kina kwa kuweka nyeupe anatengeneza ile majivu ya Furaha kwa mkono wake mwenyewe. Ukitaka kupandisha, chukua fondeteni nyepesi yenye rangi ya chini ile ile.

Nachanganyia kwenye sahani ndogo ya chuma, na mgongo wa kijiko. Mutu kama Furaha, kwa kumuangalia tu kwenye ile foto ya wasifu, ningeanza na ile ya kina yenye wekundu matone matatu na kahawia ya dhahabu tone moja, nichore kwenye taya, nisubiri. Imetoka kijivu? Machungwa kidogo, kwa ncha ya kijiti cha meno, si tone zima. Imekimbia kwenye machungwa? Buluu, kwa ncha hiyo hiyo, na hapo uwe na mkono mwepesi juu buluu ikizidi mutu anakuwa maiti na hakuna kurudi, unaosha sahani unaanza. Imetoka kijani? Manjano imezidi, rudisha wekundu. Ikibaki natia kwenye kikopo kidogo naandika jina la mteja na tarehe, siku ya kurudia foto iko tayari.

Na muangalie chupa zinazopatana. Ya maji na ya maji, ya silikoni na ya silikoni. Geuza chupa usome nyuma: mara nyingi cha kwanza ni aqua, usiishie hapo, soma cha pili na cha tatu, ukiona majina yanaishia na -cone ao -siloxane hiyo ni ya silikoni. Ukichanganya zisizopatana zinakatikakatika kwenye sahani, na kama hazikukatika kwenye sahani zitakatika usoni saa ya keki. Hata kile cha kupaka mbele ya fondeteni kinafuata sheria hiyo.

Muuzaji_Birere (Goma)

Nimesoma yote kimya toka juu mpaka hapa. Munatusema sana. Mimi nauza Birere, duka sitaji. Munafikiri ni sisi tunachagua rangi? Katoni inatoka Dubai ao China, inapita Kampala, dazeni imefungwa tayari na mutu hajawahi kuona Goma hata kwenye ramani. Beji nne, karameli tatu, ingine na ingine, ya kina ni moja ao mbili. Hiyo moja inaisha siku ya kwanza, ninyi munakuja siku ya tatu munasema muuzaji hapendi watu weusi, mimi mwenyewe niko aje? Na wateja nao! Mutu namuonyesha rangi yake haki ya Mungu, anakasirika, "mama, unaniona mweusi hivi?", anachukua karameli anaenda. Mwezi unaofuata anakuja kuniambia bidhaa ni mbaya. Na tangu uwanja wa ndege ufungwe Januari 2025 kila kitu ni barabara, na barabara ni kulipa hapa na kulipa pale.

Furaha_Ndosho

Mama mimi sijawahi kukasirika, niuzieni tu 🙏🏿

Mrembeshaji_Himbi

Mama, ya dazeni nimekuelewa, na hata wale wa "unaniona mweusi hivi" nawajua, wanakuja kwangu pia. Lakini wale wanapiga kelele njo unawaona, mama. Wenye kuingia, kuangalia rafu, kutoka bila kusema neno, hao hauhesabu, na ni wengi. Nakuomba kitu moja: fungua chupa moja kwa kila rangi iwe ya kujaribia, weka na vijiti vya pamba kando ili watu wasitie vidole. Chupa moja ya hasara, utauza kumi.

Nsimire_Bkv

Na zile MAC za dola 5 mama? 👀

Muuzaji_Birere

Hizo ni kopi, kila mutu anajua ni kopi, na mutu akiniuliza namuambia. Ya kweli kwa dola 5 itatoka wapi?

Mwalimu_wa_Kemia

Tatizo la kopi haliko kwa jina, liko kwa kilicho ndani, hakuna anayejibu kwa hicho. Muangalie namba ya loti: iliyopigwa chini ya chupa na iliyo kwenye kartoni zinatakiwa kuwa moja. Muangalie na kale kamchoro ka kopo wazi lenye 12M ao 24M, ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Ikianza kunuka mafuta yaliyooza ao ikijigawa mafuta juu rangi chini hata ukitikisa, tupa, hata kama ilikuwa ghali. Kwa wenye kupaka watu wengi, mimina kwenye sahani, brashi isiingie ndani ya chupa.

Lushois_243

Na miye niulize muuzaji, juu ya nini hamuagize rangi moja moja? Huku bengine banafanya vile, banaandikisha bateja kwanza, njo mama anapanda Lusaka na orodha yake.

Muuzaji_Birere

Haya basi. Alhamisi mdogo wangu anapanda Kampala. Muandike hapa kampuni, kina, rangi ya chini, nami nitamupa orodha, asilete dazeni. Lakini avansi ni dola 5 kila mutu, na chupa ikifika hakuna kusema umebadilisha mawazo. Sikopeshi.

Furaha_Ndosho

Fit Me 375 Java. Isipopatikana hata 360 Mocha, dada wa Himbi atanichanganyia.

Nsimire_Bkv

Bukavu tunaweza kuingia kwenye orodha? Ile ya kina inayokaribia buluu, chupa tatu, silikoni. Boti nitalipa mwenyewe.

Kijana_Katindo

Poda moja, ya kahawia ya giza, isiyong'aa. Ni ya fianse wangu.

Mrembeshaji_Himbi

Ya fianse wako, sawa kaka 😂 Mama, mimi nitakutumia orodha yangu leo jioni, ni ndefu.

Dada_wa_Majengo

Kahawia ya dhahabu moja kwangu, L'Oréal, yenye D. Lakini mama dola 5 ya avansi ni nyingi, weka 3.

Muuzaji_Birere

3 ni ya motari mpaka barieri. Ni 5.

Dada_wa_Majengo

4 na natuma saa hii hii kwa Airtel Money.

Muuzaji_Birere

Tuma. Lakini usiwaambie wengine.

Furaha_Ndosho

Mama sisi wote tunasoma hapa 😂 na mimi ni 4.